Mguu unaochoka kwa sababu damu haifiki: uchovu wa msuli unapimwaje?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 63, naishi Kimara na nina duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kisukari ninacho mwaka wa kumi na moja huu, na sigara bado navuta moja moja. Asubuhi nashuka mwendokasi pale Gerezani natembea hadi dukani. Tangu mwaka jana kigimbi cha mguu wa kulia kinakaza njiani. Nikisimama kidogo kinaachia, naendelea. Hospitali walinipima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, wakasema kulia ni 0.68 na kushoto 0.94, kwamba damu haishuki vizuri. Sasa kila nikirudi daktari ananiuliza natembea umbali gani kabla ya kuchoka, na mimi najibu kwa kukisia tu. Mwanangu anasema kuna mashine zinabandikwa mguuni zinapima uchovu wa msuli wenyewe. Ni kweli? Na nikijilazimisha kutembea mguu ukiwa umechoka, si ndio naumaliza kabisa?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Naanza na swali la mwisho, maana naona ndilo linalokufanya usimame hata kabla mguu haujakusimamisha. Hapana, humalizi msuli. Kigimbi kinachokaza ukitembea na kuachia ukisimama hakiharibiki kwa kutembezwa. Maadamu mguu hauna kidonda na haukuumi ukiwa umelala, kutembea ndiyo sehemu kubwa ya dawa yako, na nitakueleza chini namna ya kuinywa.

Mashine alizosikia mwanao zipo kweli. Lakini kwanza tuelewane juu ya hiyo 0.68, kwa sababu wagonjwa wengi wanaoletwa kwangu kwa fiziotherapia wanaibeba kama alama ya mtihani.

Ulilazwa chali ukapumzika dakika 5 hadi 10, ukafungwa mkanda wa presha mikononi kisha juu kidogo ya vifundo vya miguu, na kikalamu cha Dopla kikasikiliza mapigo ya damu. Presha ya kifundo ikagawanywa kwa presha ya mkono uliosoma juu zaidi. Tuseme mkono ulisoma 150 na kifundo cha kulia 102: 102 gawanya kwa 150 ni 0.68. Mguu wenye ateri nzuri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka kwenye moyo, hupata kati ya 1.00 na 1.40. Kuanzia 0.90 kushuka chini tunasema kuna ateri iliyopungua njia, na chini ya 0.40 hali ni mbaya. Wa kushoto wenye 0.94 uko mpakani.

Hapo kwenye wa kushoto naomba usijipongeze haraka. Kisukari cha miaka mingi hugandisha chokaa kwenye kuta za ateri za chini ya goti, mshipa ukawa mgumu, na mkanda wa presha ukashindwa kuubana vizuri. Matokeo yake namba inapanda hata kama damu ni kidogo; kwa wengine inavuka 1.40 na mtu anaambiwa yuko salama. Ateri za vidole kwa kawaida hazigandi chokaa kiasi hicho, kwa hiyo mwombe daktari, kama kifaa kipo, akupime presha ya kidole gumba cha mguu. Hapo mpaka wetu ni 0.70: ikiwa hapo au chini yake, damu haitoshi.

Sasa, namba hiyo imesoma presha ya mguu uliolala. Haikusoma msuli. Ukiwa umelala, kigimbi kinahitaji damu kidogo sana, na hata njia iliyobanwa inaweza kuipitisha. Ukianza kutembea kinataka damu mara nyingi zaidi, na ndipo ubanaji unapojionyesha. Ni sawa na nyumba yenye bomba dogo la maji: ukifungua koki moja hujui kama kuna tatizo, fungua tatu kwa mpigo uone. Ndiyo maana watu wawili wenye 0.68 ileile hutofautiana sana: mmoja anakatiza Kariakoo nzima, mwingine anashindwa kufika kona. Sehemu ya tofauti hiyo iko kwenye misuli yenyewe. Mguu uliokaa muda mrefu na damu haba hupungukiwa nyama, na sehemu ndogo ndani ya seli zinazotengeneza nguvu kwa kutumia oksijeni hudhoofika. Hayo mkanda wa presha hauyaoni.

Uchovu wa msuli, kwa maana tunayoipima sisi, ni kupungua kwa nguvu ambayo msuli unaweza kuitoa kadiri kazi inavyoendelea. Maumivu ni kitu kingine, na mtiririko wa damu ni kitu cha tatu. Mara nyingi vitatu hivi hutembea pamoja, lakini havilingani. Nimeona wenye kisukari ambao mishipa ya fahamu ya miguu imekufa ganzi: kisigino hakinyanyuki tena, msuli umeishiwa kabisa, na mtu anakwambia haumwi. Na nimeona wengine wanaosimama kwa maumivu wakati msuli bado una nguvu ya kutosha. Daktari anapokuuliza unachoka baada ya umbali gani, anachanganya maswali matatu katika moja, na si ajabu unakisia.

Mashine za mwanao ni za aina mbili hasa. Ya kwanza inasoma umeme wa msuli. Vibandiko viwili vinawekwa juu ya kigimbi, kwa kawaida upande wa ndani, vikitenganishwa na kama milimita 20, ngozi ikiwa imesafishwa na nywele kunyolewa. Msuli ukifanya kazi hutoa mawimbi madogo ya umeme. Ukianza kuchoka, mawimbi husafiri polepole zaidi kwenye nyuzi zake, na kompyuta inaona kasi ya mtetemo wake ikishuka hatua kwa hatua, huku ukubwa wa mawimbi mara nyingi ukipanda kwa sababu ubongo unaita nyuzi za ziada kusaidia. Kushuka huko ndiko tunakokusoma kama uchovu. Ni kipimo kizuri sana cha utafiti. Kwa mtu mmoja mmoja kina udhaifu: mafuta ya chini ya ngozi yanazuia mawimbi, kibandiko kikisogea kidogo jibu linabadilika, na jasho la Dar linakiachanisha kabla hujamaliza. Wala hakisemi kwa nini msuli umechoka.

Ya pili inatumia mwanga. Taa ndogo hupeleka mwanga usioonekana kwa macho ndani ya nyama, na kipokezi kilicho sentimita 3 au 4 pembeni hupima kiasi kilichorudi. Damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni hunyonya mwanga huo kwa namna tofauti, kwa hiyo mashine inakadiria oksijeni iliyobaki kwenye msuli, kina cha kama sentimita 1.5 hadi 2. Hii naipenda kuliko ya kwanza, kwa sababu inaonyesha kile hasa kinachotokea kwa mgonjwa kama wewe: oksijeni inaporomoka mapema ukitembea, kisha inarudi kwa kujikokota ukisimama. Tahadhari yake inatuhusu sisi moja kwa moja. Rangi nyeusi ya ngozi nayo hunyonya mwanga huo, na mafuta huupotosha, kwa hiyo asilimia inayoandikwa kwenye kioo usiilinganishe na ya mtu mwingine wala na ya kwenye maelezo ya kifaa. Cha kuangalia ni mabadiliko: imeshuka kwa kasi gani, imechukua muda gani kurudi.

Kuna pia viti vyenye mashine ya kupima nguvu ya kiungo, unasukuma mara nyingi na nguvu ya mwanzo inalinganishwa na ya mwisho, na kuna vipimo vya sumaku vinavyosoma akiba ya nishati ndani ya msuli. Hivyo ni vya maabara, hutavihitaji.

Unachohitaji mzee wangu ni ukuta, saa, na mtu wa kuhesabu.

Kipimo cha kwanza ni kunyanyua kisigino. Vaa viatu vyako vya kawaida vya kufunga, baada ya kukagua nyayo kwamba hakuna lengelenge wala mchubuko. Simama ukitazama ukuta, gusa ukuta kwa ncha za vidole tu, usiegemee. Simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, panda kwenye vidole hadi juu uwezavyo, shuka. Sekunde moja kupanda, sekunde moja kushuka. Mkwe au mjukuu apige makofi kufuata saa. Anayehesabu asikutazame usoni, akitazame kisigino. Kikishindwa kufika hata nusu ya urefu wa mara ya kwanza, au goti likianza kukunja, au kifua kikianza kuegemea ukuta, hapo ndipo mwisho, hata kama wewe unataka kuendelea. Andika idadi, na andika kilichokusimamisha: maumivu, nguvu kuisha, au pumzi. Hilo la pili watu huliruka, na ndilo lenye faida zaidi.

Kisha pumzika dakika 2 kamili kwa saa, rudia mguu uleule. Hapa ndipo ninapotazama kwa makini. Mfano: mguu wa kushoto umepata 21, ukapumzika, ukapata 18. Wa kulia umepata 14, ukapumzika dakika zilezile, ukapata 6. Raundi ya kwanza peke yake ingekuambia tu kwamba wa kulia ni dhaifu, na udhaifu unaweza kuwa wa kutotumika, wa goti, au wa uti wa mgongo. Raundi ya pili inaelekeza macho kwenye damu. Kila msuli huchoka; msuli uliokosa damu hushindwa kupona. Akiba ya nishati ya haraka ndani ya msuli hujazwa upya kwa oksijeni, na kwa mtu mzima mwenye ateri nzuri nusu yake hurudi ndani ya kama nusu dakika. Kwenye mguu wenye ateri iliyobanwa huchukua muda mrefu zaidi. Kipimo hiki cha raundi mbili ni mazoea yangu ya kazi, hakitoi jina la ugonjwa, lakini kama ningeruhusiwa kuandika jambo moja tu kwenye faili lako ningeandika muda wa mguu kupona.

Kuna faida nyingine ya zoezi hili. Pale ambapo hakuna mashine ya kutembelea, mgonjwa anaweza kunyanyua visigino vyote viwili mara 50, au mpaka maumivu yamzuie, kisha akalala haraka na presha ya kifundo ikapimwa tena palepale. Ikiporomoka ukilinganisha na ya mwanzo, ateri imejisema yenyewe. Kwa mguu wako wa kushoto wenye 0.94, hiki ndicho ningemwomba daktari wako akifanye.

Kipimo cha pili ni kutembea, na hapa lazima niseme jambo kuhusu Kariakoo. Njia yako kutoka Gerezani haipimi chochote. Unapisha mkokoteni, unasimama kusalimiana, unakwepa bidhaa za machinga zilizotandikwa chini, boda boda inakuzuia kwenye kona. Kila kisimamo cha sekunde kumi ni mapumziko ambayo msuli umeyapata bila wewe kuyahesabu, na kesho visimamo vitakuwa vingine. Ndiyo maana siku moja unafika dukani bila shida na siku nyingine unakwama katikati, ukadhani ugonjwa unapanda na kushuka.

Tafuta sehemu tambarare na tulivu huko Kimara kwenu, hata uwanja wa shule Jumamosi asubuhi. Kimara kuna vilima, kwa hiyo chagua vizuri. Mlima kidogo tu unaleta maumivu mapema. Pima mita 30 kwa futi ya fundi, weka alama mbili. Tembea kwenda na kurudi kwa dakika 6, kwa mwendo wako wa kuwahi gari. Ruhusa kusimama ukishindwa, lakini saa haisimami. Andika vitu vitatu: mita ulizofika maumivu yalipoanza, mita zote za dakika 6, na dakika zilizopita tangu umalize mpaka kigimbi kiwe kimya kabisa. Fanya saa ileile, asubuhi kabla ya joto, viatu vilevile, si baada ya kushiba, na uwe hujavuta sigara. Rudia kila baada ya wiki 4. Tofauti ya mita chache tu usiihangaikie. Ikifika mita 20 au 30 na ikajirudia, hiyo ni habari ya kweli. Ukimpelekea daktari karatasi hiyo, hatakuuliza tena swali la kukisia.

Ukiwa unatembea, jiulize maswali mawili tofauti. Maumivu yako wapi kati ya 0 na 4, 4 ikiwa ni yale ya kutoweza kuendelea? Na mwili mzima umechoka kiasi gani? Kwa hili la pili tunatumia kipimo cha Borg, cha Msweden Gunnar Borg, kinachoanzia 6 na kuishia 20. Kigimbi kikiwa 3 na mwili uko 11, tatizo ni mguu. Mwili ukiwa 17 na kigimbi 1, tafuta sababu juu ya kiuno: moyo, mapafu, upungufu wa damu. Na ukitetemeka, jasho la baridi likakutoka, hiyo huenda ni sukari imeshuka, hasa kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi. Pima sukari kabla ya kuanza na beba kitu cha sukari mfukoni.

Maumivu ya mgongo uliobana mishipa ya fahamu pia hujifanya ya damu. Mwenye maumivu hayo hapati nafuu kwa kusimama wima. Mpaka akae au ainame mbele, na mlima anaupanda vizuri kuliko anavyotembea tambarare. Wewe unasimama tu kinaachia, kwa hiyo sina wasiwasi sana upande huo. Dawa za kolesteroli nazo kwa baadhi ya watu huleta maumivu ya misuli, kwa kawaida miguu yote miwili. Ukihisi hivyo mwambie daktari, usiache mwenyewe, kwa sababu kwa mtu mwenye ateri kama zako dawa hiyo inalinda moyo na ubongo.

Sasa mazoezi. Tembea mpaka maumivu yafike 2 hadi 3, simama au kaa mpaka yaishe kabisa, tembea tena. Anza na jumla ya dakika 30 ukihesabu na mapumziko, mara 3 kwa wiki, ongeza taratibu hadi 45 au 50. Najua ushauri wa kawaida mtaani ni kutembea polepole ili mguu usiume. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu 305 wenye ugonjwa huu, uliwafuatilia kwa miezi 12: waliotembea polepole bila kufika kwenye maumivu hawakuongeza umbali wao wa dakika 6, na waliotembea kwa mwendo wa kuleta maumivu waliongeza. Wala usishangae ukirudi kupimwa na 0.68 iko palepale. Mazoezi huufundisha msuli kutumia vizuri damu iliyopo, na presha ya kifundo mara nyingi haibadiliki hata mtu akiongeza umbali mkubwa.

Sigara, mzee wangu, hapa siwezi kukuficha wala kukupaka mafuta. Hizo moja moja zinabana ateri zilezile tunazohangaika nazo, na kwenye kisukari huchangia sana kuwafikisha watu kukatwa mguu. Ukisema na daktari wako kuhusu kuacha, atakusaidia. Kujaribu peke yako ni kugumu na hakuna aibu kuomba msaada. Na mkeo asikukande kwa maji ya moto. Najua ni kwa mapenzi, lakini ngozi isiyohisi vizuri inaungua bila wewe kujua, na kidonda kwenye mguu wenye damu haba hakifungi kirahisi.

Acha vipimo vyote hivi na uende hospitali mapema ukiona kidonda au kidole kimebadilika rangi, au mguu ukianza kukuamsha usiku na ukapata nafuu ukiuning'iniza chini ya kitanda. Mguu ukiwa ghafla wa baridi, umepauka, umekufa ganzi na haunyanyuki, hiyo ni dharura ya saa chache, usisubiri asubuhi. Na kifua kikibana ukiwa kwenye mazoezi, simama palepale na utafute msaada.

Nipe wiki 12 za kutembea na karatasi tatu za vipimo. Kama umbali umeongezeka na muda wa kupona umefupika, tunaendelea hivyohivyo. Kama namba zimekaa palepale na kazi ya dukani inakushinda, mwombe daktari rufaa ya picha ya Dopla ya ateri za miguu yote miwili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au atakapoona panafaa, ndipo mzungumze kuhusu silostazoli, dawa ya kumwongezea mtu umbali wa kutembea, ambayo haipewi mtu mwenye moyo ulioshindwa kazi, au kupanua mshipa kwa puto. Nenda na karatasi hizo mkononi, na usisahau kuandika kwenye kila moja kama siku hiyo ulivuta sigara.